Pale pa Mlango

Kabla simu hazijabeba filamu ndani yake, mtu wa Chamwino akitaka kumwona Mchina akipigana alikwenda kwa Obedi Ndahani, na akitaka kumwelewa Mchina huyo alimsikiliza Obedi huyo huyo. Banda lake la video lilikuwa nyuma ya soko, la mabati matupu, lenye mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za watu. Yeye alikaa kwenye stuli pembeni ya televisheni, maikrofoni mkononi, akisema kwa niaba ya wote waliomo: jambazi, polisi, bibi harusi, mtoto mchanga, na mbwa ikibidi. Lugha zao hakuzijua. Alisoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na yalipomkimbia alijaza mwenyewe. Watu walitoka wameridhika.

Jambo moja alijifunza mapema, likamkaa mwilini. Bandani, ukimya una maana moja tu: mashine imekufa. Picha ikikaa kimya hata kidogo, mabenchi ya nyuma yanaanza miluzi, ya mbele yanadai chao, na mwisho kinarushwa kiatu. Kwa hiyo Obedi hakuacha pengo. Mtu akitembea, alisema anatembea. Mtu akilia, alisema analia, akaongeza na sababu. Mtu akitazama tu dirishani bila neno, Obedi alimpa mawazo. "Ndugu mtazamaji, hapo jamaa anamkumbuka mchumba wake, usione kanyamaza." Wakamwita Sauti. Hata waliokutana na mkewe kisimani waliuliza, "Mama Noeli, Sauti hajambo?"

Siku hizi Sauti hakuwa na wa kumsemea. Banda lilifungwa siku nyingi kuliko lilivyofunguliwa, na mbuzi wa jirani walijilaza kivulini mwake kama wamepangishwa. Obedi alikuwa anakaribia miaka sitini na alikuwa amechoka. Uchovu wa jembe usingizi huuondoa. Huu wake alikuwa akiamka anaukuta umekaa ukingoni mwa kitanda, unamsubiri.

Noeli, mwanawe wa pekee, alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka juzi lori lilimgonga kwenye barabara ya kwenda mjini. Siku ya mazishi mtu mmoja wa kamati, kwa nia njema, alimpa Obedi maikrofoni awashukuru watu kwa kufika. Obedi akashukuru. Kisha hakuirudisha. Vijana walipoinua jeneza, alisema wanainua jeneza. Lilipoanza kushuka, alisema, "Sasa linashuka." Majembe yalipochukuliwa, alisema, "Ndugu waombolezaji, udongo wa kwanza huo." Sauti haikutetemeka hata mara moja. Watu waligeuza macho kutoka kaburini wakamtazama yeye, na wengine wakanong'ona kwamba msiba umemgeuza akili. Mchungaji ndiye aliyeishika ile maikrofoni na kuitoa mkononi mwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Walipofika nyumbani, mkewe Loisi alisema maneno machache tu. "Umenitafsiria mwanangu, Baba Noeli."

Tangu hapo walizungumza habari za chumvi, maji, mbuzi na wagonjwa wa mtaa. Habari za Noeli hazikuzungumzwa. Kila alipoziendea Loisi, Obedi aliwahi na maneno, mengi, ya kufariji, ya Biblia, ya serikali na malori yake, hata Loisi akaacha kuziendea. Koti la Noeli, lile zito la mtumba alilovaa asubuhi za baridi, lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna aliyeligusa.

*

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza na upepo unabeba vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mwanamke mmoja alisimama uani kwake akiwa na mkoba begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Kama ni sensa, walishapita."

"Si sensa. Nimefuata sauti yako."

Obedi akageuka kuangalia nyuma, kana kwamba sauti yake ilikuwa imekaa pale kwenye mkeka. Mgeni akacheka. Aliitwa Frida, mwenyeji wa Kondoa, na kazi yake ilikuwa kufundisha mambo ya filamu kwenye chuo kimoja huko Chimwaga. Wanafunzi wake walikuwa wamekuja Chamwino kuwahoji wazee juu ya Mtunya, ile njaa ya wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza ambayo wazee waliisikia kwa wazazi wao. Wazee waliongea. Walipomaliza, bibi mmoja aliwauliza wale vijana: sisi tumewaonyesha makaburi yetu, ninyi mtatuonyesha nini?

"Kwa hiyo nimeahidi filamu," Frida alisema. "Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kanisa. Ni filamu ya Wayahudi."

"Wale wa kwenye Biblia?"

"Wajukuu wa wajukuu wao. Wa Ulaya, wakati wa Hitla. Walikusanywa mji kwa mji, familia kwa familia, wakauawa."

"Nilisikia. Redioni."

"Maandishi yake ni ya Kiingereza, na wazee wengi hata ya Kiswahili hawayasomi. Wanafunzi wangu wameyatafsiri maneno yote. Nataka mtu wa kuyasema. Nilipouliza, kila mtu alikutaja wewe."

Obedi alihisi kitu kifuani, kama taa ya mafuta inapowashwa kwenye chumba ambacho hakijaingiwa muda mrefu. Alificha. "Nimestaafu," alisema, huku akitafuta ufunguo wa banda.

*

Filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Ilimhusu mama mmoja mwenye duka la vitambaa na binti yake mdogo. Frida aliunganisha laptopu yake na ile televisheni ya zamani, wakaketi wawili kwenye benchi la mbele, na Obedi akaanza kusema. Alisema vizuri. Mama alipata sauti ya mama, mtoto ya mtoto. Frida alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaisimamisha picha.

"Mzee, hapa unaona nini?"

"Ukuta."

"Na mama yuko wapi?"

"Yule kule chini, kwenye kona. Amebaki kichwa na mabega."

"Kwa nini mpiga picha ampe ukuta nafasi yote hiyo?"

"Kamera ilipinda."

Frida alicheka hadi akafuta macho. "Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza nao husema hivyo. Sasa rudi nyuma nami. Mwanzoni, dukani kwake, mama yuko katikati ya picha, si ndiyo? Akisimama, akikaa, yuko katikati. Halafu inatoka amri kwamba Wayahudi wasikae kwenye mabenchi ya bustani. Mwangalie. Amesogea. Amri nyingine, duka linachukuliwa. Amesogea tena. Hakuna mtu kwenye filamu hii anayesema 'tunaondolewa.' Fremu ya picha ndiyo inayowaondoa."

Obedi aliitazama ile kona. Alikuwa ametafsiri filamu zisizo na idadi, na siku zote alitazama midomo. "Kumbe," alisema. "Kama mjane kwenye nyumba ya shemeji."

"Hapohapo."

Wakaendelea. Palikuwa na shamba la ngano na watu wakivuna, na nyuma yao kabisa treni inapita. Obedi alipaza sauti: "Ndugu mtazamaji, treni hiyo, imejaa watu!"

"Unawaona hao watu?" Frida aliuliza.

"Siwaoni. Treni yenyewe ni ukungu."

"Na mundu?"

"Mundu naona mpaka kutu yake."

"Kamera imekaa shambani na wavunaji. Imeona walichokubali kuona. Ukisema treni imejaa watu, umewapa wavunaji macho ambayo hawakutaka kuwa nayo."

Penye askari, Obedi na Frida walibishana. Askari wa filamu ile hawakuonyeshwa uso. Zilionekana bega, mkono wenye kalamu, buti. Obedi alikuwa amempa mmoja wao sauti yake maarufu ya adui, ile nzito ya kukoroma ambayo zamani iliwafanya watoto wajifunike vichwa. Frida aliomba aiondoe.

"Mwalimu, adui bila sauti watu watamchukia vipi?"

"Sitaki wamchukie huyu mmoja, wakatoka wamepoa. Nataka waone kazi inavyofanyika. Anahesabu watu kama anahesabu magunia. Iseme hivyo, kwa sauti ya mtu anayengoja chakula cha mchana."

Obedi alijaribu. Ilimtoka sauti ya karani yeyote, ya ofisi yoyote, na ilimtisha yeye mwenyewe.

Ndipo wakafika pale pa mlango.

Watu walikuwa wameambiwa wanakwenda kuoga. Walivua nguo kwenye chumba kirefu chenye vitundikio ukutani, wakatundika makoti, wakaingia ndani, mama na binti yake wakiwa miongoni mwao. Mlango ukafungwa. Kamera haikuingia. Ilibaki upande wa huku, imetulia, na kwenye picha palikuwa na mlango na koti dogo la mtoto, mkono mmoja umegeuka ndani nje kwa haraka ya kulivua. Koti lilikuwa bado linayumba.

"Ndugu mtazamaji," Obedi alianza, "huko ndani sasa, masikini ya Mungu, si maji yanayotoka, ni gesi, na yule mama anamkumbatia..."

"Mzee. Hapa usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme chochote."

"Mpaka lini?"

"Mpaka koti litulie."

Obedi alidhani ni utani. Alipoona si utani, alicheka hivyo hivyo. "Mwalimu, watanirushia viatu. Hapo ndipo penyewe! Watu wanakufa humo, halafu mimi nikae nakodoa macho?"

"Aliyetengeneza filamu angeweza kuingiza kamera," Frida alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka pia. Labda alikuwa amelieleza jambo hili madarasa mengi. "Ana waigizaji, ana mwanga, ana kila kitu. Akakataa. Alisimama nje ya mlango, akabaki na koti. Ukiwasimulia kilichomo ndani, watadhani wameona. Hawajaona. Hakuna aliyeona akarudi kusimulia. Mwache kila mtu asimame pale peke yake."

"Na mimi?"

"Na wewe pia."

Walijaribu. Koti lilianza kuyumba na Obedi akasema, "Jamani." Walirudia. Akasema, "Koti hilo." Walirudia tena, akauma midomo, na mguno ukamtoka puani. Haukuwa ubishi. Maneno yalikuja yenyewe, kama jasho. Mwishowe Frida alifunga laptopu.

"Mzee wangu, sitaki kukutesa. Kama pale panakushinda, niambie Jumamosi, nije na vijana wangu wasome yale maneno. Sitakulaumu."

"Vijana wasome!" Obedi alisimama. "Filamu isomwe kama tangazo la minada? Hapana. Nitakuja mimi."

Lakini alifunga kufuli la banda taratibu. Alijua kwamba Jumapili hiyo ndiyo mara ya mwisho kuitwa na mtu yeyote kwa ajili ya sauti yake. Na alichoombwa kukileta ni kitu pekee ambacho sauti hiyo haikuwahi kukiweza.

*

Loisi alikuwa akipepeta uwele uani, amejitanda kanga mbili kwa ajili ya upepo.

"Wamekuita," alisema, bila kuinua uso.

"Wameniita."

"Kusema."

"Kusema. Na mahali pamoja, kunyamaza."

Ungo ukasimama. "Nani kakwambia unyamaze?"

"Huyo mwalimu."

"Masikini. Hakujui." Akaendelea kupepeta. Makapi yaliruka yakamwangukia Obedi kwenye viatu. Baada ya muda akauliza, "Mahali gani?"

Obedi akafungua mdomo amweleze: mlango, mama, mtoto, gesi, vitundikio. Aliona jinsi maneno yalivyojipanga, tayari kutoka. Yalimchosha kabla hajayasema. "Njoo uone," alisema.

"Nina nguo za kufua."

"Jumapili?"

"Na wewe unaniuliza ya Jumapili, wewe uliyefungua banda kila Jumapili ya Bwana?" Lakini alisema kwa sauti ambayo Obedi hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, yenye chembe ya utani. Kisha ikazima. "Hutaweza, Baba Noeli. Nisije nikaaibika mara mbili."

Akaingia ndani. Mlango ulipigwa na upepo nyuma yake.

*

Jumapili madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi. Wazee walikaa mbele na mashuka yao mabegani, wakinamama katikati, na nyuma, kwa mazoea ya banda, vijana na watu wazima waliowahi kuwa vijana wa Obedi. Kati yao alikuwamo Masudi muuza nyama, ambaye utoto wake wote alikuwa mfalme wa miluzi. Mchungaji aliomba kwa kifupi. Frida alisimama kwenye projekta.

"Mbukwenyi!" Obedi alisalimu kwa Kigogo kwenye maikrofoni, na ukumbi ukaitikia kwa nguvu.

"Sauti kafufuka!" Masudi alipiga kelele. Watu wakacheka.

Palikuwa na harusi mwanzoni, na Obedi aliisema harusi hadi mabibi wakapiga vigelegele. Alikuwa hai. Koo lilifunguka, mgongo ukanyooka. Mama wa duka alipopunguza bei kwa mteja mkaidi, ukumbi mzima ulikuwa upande wake. Kisha amri zikaanza kutoka, na Obedi akazisoma kwa ile sauti ya karani anayengoja chakula. Kicheko kikapungua bila mtu kukikataza.

Penye ukuta, Bibi Sara, yule aliyewauliza wanafunzi wataonyesha nini, alimgeukia jirani yake. "Mbona wanamsukuma huko kwenye kona? Atadondoka."

Obedi hakuwa amesema neno kuhusu kona. Alimtazama Frida gizani, na Frida alikuwa akimtazama yeye.

Katikati ya shamba la ngano mlango wa nyuma ulifunguka, mwanga wa jua ukaingia na vumbi lake, kisha ukafungwa. Mtu alibaki amesimama pale ukutani kama aliyekuja kumwita mtu na kuondoka. Obedi alizijua zile kanga mbili.

Watu kwenye picha wakavua nguo. Wakatundika makoti. Mama alimsaidia binti yake, mkono mmoja wa koti ukagoma, ukageuka. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Koti likayumba.

Obedi akafunga mdomo.

Mwanzoni ukumbi ulingoja. Kisha benchi likalia. Mtu akakohoa.

"Sauti!" Masudi aliita. "Umelala?"

Kicheko kidogo. Mluzi mmoja, halafu wa pili.

"Mashine imekufa!"

"Mashine nzima, aliyekufa ni Sauti!"

"Mwacheni, anameza mate!"

Mkono wa Obedi ulipanda wenyewe na maikrofoni. Aliutazama ukipanda. Neno la kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi, na lilikuwa neno zuri, lingeunyamazisha ukumbi palepale. Akaishusha maikrofoni, akaikalia, akaihisi ngumu chini ya paja. Sasa hakuwa na pa kutazama isipokuwa pale walipotazama wengine wote. Mlango ulikuwa wa chuma, na rangi ilikuwa imebanduka karibu na kitasa, mahali ambapo mikono hushika. Koti lilikwenda huku, likarudi. Siku ile makaburini kila mtu alimtazama yeye. Hakuna aliyetazama shimo. Hata mama wa mtoto hakuachwa atazame.

Mluzi mwingine ulianza, ukakatikia njiani. Wa Masudi. Kwenye mabenchi ya mbele Bibi Sara alisema kwa sauti ya kawaida, kama anauliza nyumbani kwake, "Huyo mtoto yuko wapi?"

Alingoja ajibiwe. Blanketi moja dirishani lilitikiswa na upepo, na ukumbi mzima ulisikia.

Koti likapunguza, likapunguza, likatulia.

Picha ikabadilika. Ofisa alikuwa akiongea na mwenzake juu ya mabehewa, na Obedi hakusema. Maneno ya kigeni yalipita juu ya vichwa vya watu, na hakuna aliyelalamika. Frida alimwangalia, hakumpa ishara yoyote. Mpaka ofisa alipoagiza kahawa ndipo Obedi alipoitoa maikrofoni chini ya paja lake, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ndogo, ya mzee. Aliimaliza filamu kwa sauti hiyo.

*

Nje watu waliponyoosha miguu, jua lilikuwa bado kali na upepo baridi. Hawakuondoka haraka. Masudi alikuja akisugua kofia yake gotini.

"Sauti, pale ulituangusha."

"Najua."

"Mimi nilikuwa nangoja useme. Nikangoja, nikangoja. Nikaona..." Alivaa kofia, akaivua tena. "Wacha tu, mzee wangu." Akaenda zake.

Bibi Sara alikamata mkono wa Obedi kwa vidole vyake vyembamba. "Walitoka?"

"Hapana, bibi."

"Nilijua. Nilitaka unidanganye kidogo."

Frida alikuwa akikunja waya wa projekta. Macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi. "Asante, mzee. Ila ofisa wa mabehewa umemruka mzima."

"Nilikuwa bado mlangoni," Obedi alisema.

Loisi hakumngoja. Obedi alimwona mkewe mbele kwenye njia ya nyumbani, akitembea bila haraka, kanga zikipeperuka. Obedi hakumwita. Miguu ilikuwa mizito kama ametoka kulima, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi ulikuwa uchovu aliouelewa. Alimfuata nyuma mpaka uani, wakaingia ndani.

Loisi aliketi kwenye kigoda bila kuvua kanga. Hakuwasha jiko. Alikuwa anautazama mlango, au kile kilichokuwa nyuma yake.

"Asubuhi ile alilivua," alisema.

Mdomo wa Obedi ulifunguka. Alijua la kusema: kwamba Mungu ndiye hupanga, kwamba dereva wa lori alikuwa mlevi, kwamba wasijitese. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akayaacha yapite.

"Nilimwambia avae, upepo mbaya. Akasema, mama, jua limeshatoka. Akalitundika pale, akarudi kunywa uji uliobaki, amesimama. Akaniambia uji una moshi." Alivuta kanga mabegani. "Ulikuwa na moshi kweli. Niliuunguza."

Obedi hakuyajua haya. Miaka yote miwili alikuwa hayajui.

"Nilitaka kukwambia siku ileile," Loisi alisema. "Hapakuwa na mahali pa kuweka neno."

Aliendelea, polepole, mara anasimama, mara anarudi nyuma kusahihisha. Habari za moshi wa uji, za kofia ngumu iliyokuwa na ufa, za namna Noeli alivyopiga honi akifika njia panda kila siku, na siku ile pia. Mahali pengine alinyamaza kwa muda mrefu, na Obedi alingoja. Upepo ukausukuma mlango, ukaufungua kidogo na kuuachia. Koti likayumba kwenye msumari wake.

Obedi hakusema kwamba linayumba.